Sikukuu ufukweni: Jua saa ya maji kujaa kabla ya mtoto kuingia baharini

Ukiishi Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo, Unguja au Mombasa, unajua ufukwe unavyokuwa siku ya sikukuu. Daladala zinashusha watoto kwa makundi, wengi wakiwa na nguo mpya. Mkubwa wao ana miaka 12, na ndiye aliyekabidhiwa wadogo zake pamoja na nauli ya kurudi. Mihogo inakaangwa, muziki unapigwa, na majini vichwa ni vingi kiasi kwamba hata mzazi aliyefuatana na mwanawe hawezi kumtofautisha na watoto wa wenzake. Jioni, watu wanapokusanya vitu vyao warudi nyumbani, ndipo mara nyingine inagundulika kwamba mtoto mmoja hayupo.

Kila sikukuu inapokaribia, polisi huwakumbusha wazazi wasiwaache watoto waende baharini peke yao. Ukumbusho huo ni wa lazima, lakini hautoshi. Mzazi anahitaji kujua pia bahari inafanya nini saa ile mtoto anapoingia, mtu anayezama anaonekanaje, na la kufanya akishatolewa majini akiwa hapumui. Hayo ndiyo tutakayoyaangalia wiki hii.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi ukilinganisha na idadi ya watu. Ni jambo zito kiasi kwamba Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 ya kila mwaka kuwa siku ya kuhimiza kuzuia vifo vya maji.

Mfa maji hapigi kelele

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo imewafanya wengi waamini kuwa mtu anayezama atapunga mikono, atarusha maji na kupiga mayowe. Mtu aliyechoka na kupata hofu anaweza kufanya hivyo mwanzoni, na huyo bado ana nguvu ya kukusaidia umwokoe. Lakini anapoanza kuzama hasa, huwa kimya.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kuongea kunahitaji pumzi ya ziada. Mtu ambaye mdomo wake unaibuka juu ya maji kwa nusu sekunde tu anaitumia nafasi hiyo kuvuta hewa, si kuita. Mikono nayo haiwezi kupunga, kwa sababu mwili wenyewe unaitumia kukandamiza maji ili kichwa kipate kuinuka.

Dalili za kutazama ni hizi:

- Kichwa kimelala nyuma na mdomo uko usawa wa maji, ukizama na kuibuka.
- Mwili umesimama wima majini na miguu haipigi.
- Mikono imetanuliwa pembeni ikisukuma maji kwenda chini, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi isiyoonekana.
- Macho yamekodoka bila kutazama kitu, au nywele zimefunika uso naye hazisogezi.
- Anaelekea ufukweni lakini hasogei.

Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu huenda chini. Ukimtilia mtoto shaka, mwite jina na umuulize kama yuko salama. Asipojibu, mfuate papo hapo. Watoto wanaocheza majini hupiga kelele wakati wote. Kelele zikikatika, geuka uangalie.

Bahari ya saa nne asubuhi si bahari ya saa tisa mchana

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka maji makavu hadi maji kujaa ni saa sita hivi, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo tunapopata bamvua: maji hupwa mpaka mbali na kujaa mpaka juu kabisa. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, yaani maji yanayopanda na kushuka kidogo tu.

Sasa fikiria Idi el-Fitri. Sikukuu hiyo hufuata kuandama kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kukosa, Idi hiyo huangukia kwenye bamvua. Na katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua maji huwa makavu kabisa katikati ya asubuhi, karibu saa nne na nusu, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita tatu.

Watoto wakifika asubuhi wanakuta mchanga mtupu umeenda mbali, na vidimbwi vya maji ya magotini. Wanatembea hadi kwenye mafungu ya mchanga au kwenye miamba, kucheza na kuokota kombe. Maji yanapoanza kurudi, hayaji kwa mwendo mmoja. Saa mbili za kwanza hupanda polepole. Saa mbili za katikati, kwa siku tuliyoitaja ni kama kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu mchana, ndipo nusu nzima ya maji yote huingia. Kwa bamvua ya mita tatu, hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili.

Mtoto wa miaka saba ana urefu wa kama mita 1.2. Akisimama pale ambapo maji yanamfika kiunoni saa sita na nusu, saa moja baadaye mahali palepale patakuwa juu ya kichwa chake. Hakusogea hata hatua moja.

Hatari nyingine ni kwamba maji yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo kati ya ufukwe na fungu la mchanga. Mtoto aliye kwenye fungu anaona bado amesimama pakavu, hana wasiwasi. Akigeuka kurudi anakuta nyuma yake pana kina kirefu.

Pasaka nayo hupangwa kwa kufuata mwezi mpevu, kwa hiyo Ijumaa Kuu na Pasaka yenyewe zinaweza kuangukia bamvua au siku chache baada yake. Idi el-Hajj, ambayo ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, huja wakati wa maji mafu. Maji hayapandi sana, ingawa mawimbi na mikondo bado vipo. Krismasi na Mwaka Mpya hazifuati mwezi, hivyo kila mwaka ni lazima uulize.

Uliza wapi? Wavuvi wa eneo husika ndio wa kwanza. Zipo pia ratiba za maji kujaa na kupwa zinazotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na programu za simu zinazoonyesha saa za maji kwa kila mji. Ukikosa vyote, tazama mwezi. Ukiwa mwembamba kama ukucha au umejaa duara, jua ni bamvua, na panga watoto watoke majini kabla maji hayajaanza kuingia kwa kasi.

Kumbuka na pepo zetu. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo ni mkali na bahari huchafuka. Ufukwe uliokuwa shwari wakati wa kaskazi unaweza kuwa na mawimbi ya kumwangusha mtu mzima.

Mkondo unaovuta nje

Mawimbi yakileta maji ufukweni, maji hayo lazima yapate njia ya kurudi. Hurudi kupitia pengo kati ya mafungu ya mchanga, au kwenye mlango wa mwamba ambako mashua hupitia. Hapo panakuwa na mkondo mwembamba unaokwenda nje kwa nguvu. Mikondo mikali ya aina hii huwa na kasi ya zaidi ya mita mbili kwa sekunde, kasi ambayo hata muogeleaji wa Olimpiki haiwezi.

Mahali penye mkondo hudanganya, maana mara nyingi ndipo panapoonekana pametulia. Pembeni mawimbi yanavunjika na kutoa povu jeupe, katikati pana ukanda wa maji meusi yasiyo na povu, au povu na mchanga vinaonekana vikielekea baharini. Wazazi wengi huchagua hapohapo kwa sababu hapana mawimbi.

Midomo ya mito na mikono ya bahari ni mahali pengine pa kuepuka, hasa maji yanapotoka. Maji yote yaliyoingia kwenye mikoko hutoka kupitia mlango mmoja mwembamba, na mtoto hana uwezo wa kushindana nayo.

Ukichukuliwa na mkondo, mfundishe hivi mwanao na wewe mwenyewe ukumbuke:

- Usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea ufukweni. Wengi hufa kwa kuchoka.
- Lala chali, elea, vuta pumzi. Mkondo huu hukupeleka nje, haukuvuti chini.
- Inua mkono mmoja na uite msaada.
- Kama una nguvu, ogelea sambamba na ufukwe, kushoto au kulia, hadi utoke kwenye mkondo. Kisha rudi kwa kukatisha, ukielekea mahali mawimbi yanapovunjika.
- Kama huwezi, endelea kuelea. Nguvu ya mkondo hupungua mbele.

Mzazi ukae wapi?

Kumwangalia mtoto majini si kukaa kwenye kiti chini ya mnazi huku unamtupia jicho. Mtoto ambaye hajui kuogelea awe umbali ambao ukinyoosha mkono unamshika. Hiyo ina maana wewe nawe uloane.

Mkienda kama familia au kikundi, mara nyingi kila mtu mzima hudhani mwenzake ndiye anayeangalia. Chagueni mtu mmoja kwa zamu ya nusu saa. Wakati wa zamu yake hashiki simu, hapigi picha, hachomi nyama na hanywi pombe. Zamu ikiisha anamtaja anayempokea kwa jina, kwa mfano, "Mama Asha, sasa wewe." Kama kikundi kina watoto wengi, hesabuni kila mnapobadilishana.

Usimkabidhi mtoto kwa mtoto. Kaka wa miaka 12 hawezi kuangalia wadogo watatu baharini, na jambo likitokea atabeba mzigo huo maisha yake yote.

Mambo mengine madogo yenye uzito:

- Nguo. Kanga, buibui, dera na suruali ya jinzi zikiloa huwa nzito na hufunga miguu. Mtoto wa kike anaweza kusitirika kwa suruali nyepesi ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Rangi ziwe kali, kama machungwa au njano. Bluu na nyeupe hazionekani majini.
- Mpira wa tairi na maboya ya kuchezea. Hivi si vifaa vya kuokolea. Upepo unaotoka bara unaweza kumpeleka mtoto kilindini akiwa amekaa juu ya mpira, na akiteleza hana pa kushika.
- Boti. Mkivuka kwenda kisiwani, Mbudya au Bongoyo kwa mfano, kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha kabla boti haijaondoka. Jaketi lililorundikwa chini ya kiti halimsaidii mtu. Boti ikikosa jaketi la mtoto, shukeni.
- Kuruka kichwa chini. Maji yasiyopimwa yanaweza kuwa na mwamba nusu mita chini. Vijana huvunjika shingo hivi na kupooza mikono na miguu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hujui upungufu wake pia.
- Pombe. Mtu mzima aliyekunywa asiingie majini na asipewe mtoto wa kuangalia.
- Mtoto akipotea. Anza kutafuta majini. Aliyeko kwenye duka la aiskrimu anaweza kusubiri.

Kama una ugonjwa, zungumza na daktari wako kwanza

Kuoga baharini si marufuku kwa wagonjwa wengi, lakini yapo ya kuzingatia.

Kifafa. Uchunguzi umeonyesha kuwa mtu mwenye kifafa ana hatari ya kufa maji zaidi ya mara 10 ukilinganisha na asiye nacho. Asiingie majini peke yake hata kidogo, hata kama anajua kuogelea. Awe na mtu mzima anayeujua ugonjwa wake na mwenye uwezo wa kumtoa. Kama amepata kifafa hivi karibuni, amekosa dozi au hakulala vizuri, abaki mchangani siku hiyo. Ukimkuta anapata kifafa majini, inua uso wake juu ya maji, mtoe mara mitikisiko inaporuhusu, na mpeleke hospitali hata akizinduka.

Moyo na shinikizo la damu. Kupambana na mawimbi ni kazi nzito kwa moyo. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi ni ishara ya kutoka mara moja. Wanaotumia dawa za kupunguza maji mwilini wanywe maji ya kutosha kwa kadiri walivyoelekezwa na daktari, na wajikinge na jua kali.

Pumu. Pampu ya dawa iwe mkononi mwa mtu aliye ufukweni, isiachwe kwenye begi ndani ya gari.

Kisukari. Sukari inaweza kushuka baada ya kuogelea kwa muda mrefu. Kula kwanza na uwe na kitu cha sukari karibu. Ambaye miguu yake imepungua hisia asitembee peku. Mchanga wa mchana huunguza na mwamba hukata bila yeye kujua, na kidonda cha mguu ni jambo kubwa kwake.

Selimundu. Baridi ya kuloana kwenye upepo na kupungukiwa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Mtoto akae majini muda mfupi, akaushwe na kubadilishwa nguo mara atokapo, na anywe maji mara kwa mara.

Masikio. Mwenye sikio linalotoa usaha au ngoma ya sikio iliyotoboka asiogelee mpaka apate ushauri.

Ualbino. Jua la hapa kwetu ni kali zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Nenda asubuhi na mapema au jioni, vaa mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kukinga jua, na upake tena baada ya kuloana.

Miiba na viumbe vinavyochoma

Ajali nyingi za ufukweni si za kuzama. Ni za miguu. Vaa viatu vyepesi vya mpira kwenye mwamba. Kwenye mchanga wenye maji, kokota miguu badala ya kuinua, ili taa aliyejifukia asikie na kuondoka kabla hujamkanyaga.

Ukichomwa na mwiba wa taa, wa samaki-jiwe, au wa wale wanyama weusi wa duara wenye miiba mirefu, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia kwa dakika 30 hadi 90. Maji yapimwe kwanza kwa mkono usiochomwa, yasije yakakuunguza. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu. Toa miiba inayoonekana na inayotoka kwa urahisi. Iliyozama, iliyo karibu na kiungo, au iliyoingia kifuani na tumboni iachwe. Nenda hospitali, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ukichomwa na konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, toka majini, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kijiti, kisha tumia maji ya moto kama tulivyoeleza. Usisugue kwa mchanga na usimwagie mkojo. Kuvimba uso, kukosa pumzi au kuzimia ni dharura.

Ukimwona mtu anazama

Mara nyingi tunasikia kuwa watu wawili wamekufa pamoja: aliyezama na aliyekwenda kumwokoa. Mfa maji hukamata chochote kilicho mbele yake, na nguvu zake wakati huo ni kubwa kuliko unavyodhani. Baba aliyemrukia mwanawe akiwa hajui kuogelea anaongeza mtu wa pili wa kuokolewa.

Fuata mpangilio huu:

1. Piga kelele kuita wengine, na mtu mmoja asimame akimwonyeshea kidole anayezama bila kuondoa macho.
2. Mwambie anayezama aelee, na umtulize kwa sauti.
3. Mfikishie kitu ukiwa mchangani au penye maji ya kiunoni: fimbo, kasia, tawi, au kanga mbili zilizofungwa pamoja.
4. Kama yuko mbali, mrushie kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, boya, kreti, mpira. Likiwa na kamba ni bora zaidi.
5. Tafuta mwokoaji, mvuvi mwenye mtumbwi au mtu mwenye boti.
6. Kuingia majini ni hatua ya mwisho, kwa anayejua kuogelea tu, akiwa na kitu kinachoelea mbele yake cha kumpa anayezama ashike.

Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 na Polisi kwa 112.

Akishatolewa majini

Ubongo huanza kuharibika ukikosa oksijeni kwa dakika nne hadi sita. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumfikia ndiye mwenye nafasi kubwa ya kumponya, kuliko daktari aliye kilomita 10 mbele kwenye foleni.

Kwanza, yale yasiyofaa. Usimning'inize mtoto kichwa chini, usimzungushe, na usimkandamize tumbo ili "atapike maji." Maji ya tumboni si yanayomuua, yakipanda huingia mapafuni. Muda unaopotea hapo ndio anaouhitaji.

Mlaze chali mahali pagumu. Mtikise bega na umwite. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu, na kwa muda usiozidi sekunde 10 tazama kifua na usikilize kama anapumua.

Kama hapumui, au anahema kwa kukwama kwama:

- Mpulizie pumzi tano. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, puliza mpaka uone kifua kinainuka. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, na upulize kidogo.
- Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtu mzima, tumia mikono miwili, kina cha sentimita tano hadi sita. Mtoto, mkono mmoja au miwili, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua chake. Mtoto mchanga, vidole viwili.
- Mpulizie mara mbili, kandamiza tena mara 30. Endelea hivyo bila kuacha hadi apumue au wataalamu wafike. Pokezaneni mnapochoka.

Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha mdomo, mrudishe chali na uendelee.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizoloa na umfunike.

Mpelekeni hospitali hata kama amezinduka

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mtoto amekohoa, amelia, amekunywa soda, na wote wanashukuru na kurudi nyumbani. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kuendelea kuvuruga upumuaji kwa saa kadhaa baadaye. Yeyote aliyehitaji kupuliziwa pumzi, aliyepoteza fahamu, au anayeendelea kukohoa anatakiwa aangaliwe hospitalini.

Hata aliyemeza maji kidogo na kuonekana mzima, mtazame siku nzima hiyo. Kikohozi kisichoisha, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani anapovuta hewa, midomo kubadilika rangi, kutapika, au usingizi usio wa kawaida ni sababu za kuondoka nyumbani usiku huohuo. Usisubiri kukuche.

Kuogelea kunafundishika

Wengi wetu tumezaliwa karibu na bahari na hatujui kuogelea. WHO inashauri watoto kuanzia miaka sita wafundishwe misingi ya kuogelea na namna salama ya kuokoa wenzao. Si lazima awe bingwa. Akiweza kuelea chali kwa dakika moja, kugeuka, na kufika pakavu kutoka mita 20, tayari amepata nafasi ambayo mwenzake hana. Kwa wanaohofia stara za mabinti, kaskazini mwa Unguja Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote. Jambo hilo linawezekana kwingine pia.

Hata hivyo, mtoto anayejua kuogelea bado anahitaji kuangaliwa. Bwawa halina bamvua wala mkondo.

Kwa hiyo sikukuu ijayo, kabla hujatoa nauli, jibu maswali matatu. Maji yanajaa saa ngapi? Ni mtu mzima gani, kwa jina, atakayekuwa majini na watoto? Nani kati yenu anajua kumpulizia pumzi mtu aliyezama? Ukikosa jibu la moja, wapeleke watoto mahali pengine siku hiyo, na bahari mwende siku nyingine mkiwa mmejiandaa.